Vichezeo vya Kasuku: Vya Dukani, vya Kujitengenezea au vya Watoto?

Mfugaji wa kasuku anayetafuta vichezeo ana njia nne mbele yake: kununua kichezeo kilichokwisha kuundwa, kukitengeneza mwenyewe kwa vitu vilivyomo nyumbani, kuazima vichezeo vilivyokusudiwa watoto wachanga, au kununua vipande na viungo kisha kuviunganisha kwa mkono wake. Mara nyingi njia hizi hulinganishwa kwa bei inayolipwa siku ya kununua, na hapo ndipo hesabu huharibika. Kichezeo rahisi ambacho ndege hakukigusa hata siku moja ni ghali, ilhali kichezeo kilichotafunwa kwa siku tatu mpaka kikabaki vumbi la mbao chini ya tundu kimefanya kazi yake yote. Vipimo ninavyovitumia mimi ni viwili: kichezeo kinampa ndege saa ngapi za shughuli kwa gharama yake, na nini kitatokea kipande chake kitakapomezwa au kidole kitakaponaswa. Sisemi endapo kitamezwa, kwa sababu mdomo wa kasuku umeumbwa kuvunja vitu vigumu, na kila anachokivunja hukijaribu kwa ulimi.

Kipimo cha saa za shughuli si anasa. Kasuku wa porini hutumia sehemu kubwa ya mchana kutafuta chakula, kukipasua na kukimenya, wakati aliye tunduni humaliza mlo wake bakulini kwa muda mfupi akabaki na siku nzima isiyo na kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis ulionyesha kuwa kasuku wa jamii ya Amazona wenye umri mdogo, waliopewa vitu vya kuchakurachakura ili wapate chakula na matundu yenye vitu vingi zaidi vya kuchezea na kutulia, hawakujinyonyoa manyoya kama wenzao waliokaa katika matundu yasiyo na vitu hivyo; na hata wale waliokwisha kuanza kujinyonyoa walipata nafuu baada ya kupewa mazingira hayo. Kwa hiyo tunapolinganisha vichezeo tunalinganisha namna za kumpa ndege kazi, na kazi hiyo haihitaji kuwa nzuri machoni petu.

Kinachoning'iniza kichezeo

Nianze na chuma, kwa sababu hapo ndipo vichezeo vya bei ndogo huniangusha mara nyingi zaidi. Mnunuzi hutazama rangi za vipande vya mbao, akageuza kichezeo huku na huku, akasahau kutazama kulabu inayokishikilia. Kasuku yeye huanzia hapo hapo kwenye kulabu, kwa kuwa ndicho kitu kinachosogea, kinachong'aa na kinachotoa sauti, naye hukilamba na kukisukasuka kwa ulimi kwa dakika nyingi mfululizo.

Hatari kubwa mbili za chuma ni zinki na risasi. Zinki hupakwa juu ya waya, minyororo na kulabu ili zisishike kutu, na tabaka hilo hubanduka kidogo kidogo mdomoni mwa ndege. Chembe zake zikifika kwenye firigisi hukaa humo zikisagwa na kuyeyushwa na asidi, na sumu huingia mwilini kwa siku kadhaa kabla mfugaji hajagundua lolote. Dalili ni kuzubaa, kukataa chakula, kutapika, kunywa maji kupita kiasi, kinyesi chenye majimaji mengi au kilichogeuka rangi, na mwishowe kutetemeka au degedege. Risasi huleta dalili zinazofanana na hizo. Daktari wa wanyama anaweza kuviona vipande vya chuma kwenye picha ya eksirei, na zipo dawa zinazoshikana na madini hayo na kuyatoa mwilini, lakini gharama ya matibabu hayo huzidi kwa mbali kile kilichookolewa kwenye kulabu.

Wapo wanaoamini kwamba sumaku itawaamulia. Haiamui. Waya uliopakwa zinki hunaswa na sumaku kwa sababu kiini chake ni chuma. Zinki tupu na risasi hazinaswi. Na chuma kisichoshika kutu cha aina zinazotumika zaidi hunaswa kwa unyonge sana au hakinaswi kabisa. Kitu kilichokataliwa na sumaku kinaweza basi kuwa chuma bora kuliko vyote au risasi yenyewe. Dalili ya kuaminika zaidi ni ya macho: chuma kilichochovywa kwenye zinki mara nyingi huwa na mabaka yanayofanana na fuwele, na kikikaa penye unyevu hutoa unga mweupe. Ikiwa muuzaji hawezi kusema kulabu imetengenezwa kwa chuma gani, mimi huihesabu kuwa imepakwa zinki, naitupa hata kama kichezeo chenyewe nimekipenda.

Umbo la kiungo nalo lina madhara yake. Kulabu za chemchemi, zile zenye ulimi unaobonyezwa kwa kidole, pamoja na pete za funguo zilizojikunja mara mbili, hushika taya la chini la ndege mithili ya mtego. Kiungo kinachofaa ni kile cha duara refu kinachofungwa kwa nati ya kuzungusha, nacho kikazwe kwa koleo, kwa kuwa kasuku mkubwa mwenye subira hufungua nati iliyokazwa kwa vidole tu. Kengele pia zichaguliwe kwa umbo. Njuga, yaani vile viduara vyenye mpasuko na gololi ndani, hazifai kwa ndege yeyote, kwani ukucha huingia mpasukoni ukakataa kutoka. Kengele yenye mdomo mpana hufaa, mradi ulimi wake usiweze kung'olewa.

Nikizipanga njia tatu za kwanza kwa kipimo hiki kimoja, matokeo yanashangaza kidogo. Vichezeo vya watoto wachanga hushinda, kwa kuwa vingi havina chuma cha nje hata kidogo. Vichezeo vya dukani vya bei ya kati na ya juu hufuata, hasa vinapotaja wazi kwamba chuma chake hakishiki kutu. Vya dukani vya bei ya chini kabisa huwa na mashaka. Ila vinavyoshika mkia mara nyingi ni vile vya kujitengenezea, kwa sababu mtengenezaji aliyechagua kadibodi kwa uangalifu mkubwa huishia kuifunga kwa waya wowote aliouona karibu.

Kamba, na kosa langu

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nilikuwa na bajerigari wawili, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, nami niliwanunulia bembea ya kamba ya pamba iliyokuwa nzuri na laini. Baada ya mwezi mmoja ncha zake zilianza kuchakaa na kutoa nyuzi nyororo mithili ya manyoya ya kifaranga. Niliziona. Kwa wiki mbili nilikuwa nikizipita kila asubuhi nikijiambia kwamba ndege wanazifurahia. Siku moja nilimkuta mmoja wao ananing'inia kwa mguu mmoja, amechoka kupigapiga mabawa, na kwenye kidole chake cha nje kulikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele uliojizungusha mara nne au tano hadi kidole kikageuka rangi ya zambarau. Tulihitaji watu wawili, kioo cha kukuzia na mkasi wa kucha: mmoja akamshika ndani ya taulo, mwingine akaukata uzi duara moja baada ya jingine huku ndege akimng'ata. Kidole kilipona, ukucha ulidondoka. Bembea haikuwa na kosa lililozidi langu, kwa kuwa kamba ya pamba ni salama siku ile tu inapokuwa bado imesokotwa.

Tangu hapo nimezilinganisha kamba kwa namna zinavyochakaa. Pamba hutoa nyuzi ndefu, laini na imara, ambazo humnasa ndege vidole na, zikimezwa, hujikusanya kuwa donge ndani ya gole, yaani kifuko cha chakula cha shingoni, na kulifunga. Nailoni ni mbaya zaidi, kwa sababu uzi wake haukatiki na hukata nyama. Katani ni ngumu mguuni lakini nyuzi zake hukatika zikiwa fupi, jambo linalonifanya niipendelee, ila sharti iwe isiyolowekwa mafuta ya viwandani. Iliyolowekwa hutambulika kwa harufu inayofanana na mafuta ya taa au ya mashine. Ukanda wa ngozi hufaa sana kwa mafundo, iwapo ngozi hiyo ilitengenezwa kwa magome ya miti na si kwa kemikali za kromu. Bora kuliko zote kwa usalama ni kamba ya karatasi iliyosokotwa, kwa kuwa hukatika kabla ya kudhuru, na udhaifu huo huo ndio sifa yake. Aina yoyote itakayotumika, iwe fupi, ifungwe mafundo yanayokaribiana, na kitanzi chochote kiwe kidogo kiasi cha kutopitisha kichwa cha ndege au kikubwa kiasi cha kupitisha mwili wake wote. Kitanzi cha ukubwa wa kati ndicho kinachonyonga.

Vinavyotafunwa

Hapa mizani inageuka, na vya kujitengenezea vinavishinda vya dukani bila ushindani mkubwa. Kadibodi ya kahawia isiyo na rangi ya kung'aa, mikebe ya karatasi, kasha la mayai la karatasi iliyofinyangwa, vipande vya mti laini: hivi vyote ndege huviharibu kwa raha ile ile anayoipata kwa kichezeo kilicholipiwa. Kasuku wangu wa kijivu hupokea kigogo cha karatasi kwa mguu wa kushoto, hukizungusha mara mbili akikagua ncha zote, kisha huanza kukikata kwa mstari mmoja ulionyooka, mng'ato kwa mng'ato, kana kwamba anatumia tupa. Vipande huviangusha kimoja kimoja, na kila kinapoanguka huinamisha kichwa kukitazama mpaka kitue sakafuni. Kazi hiyo humchukua karibu nusu saa. Kichezeo cha dukani chenye pembe sita za plastiki za rangi sita, ambacho nililipia, kimemchukua dakika tano kwa mwaka.

Hata hivyo kisicho na gharama kina masharti. Kadibodi itolewe pini za stepla, utepe wa gundi na lebo zote, tena kwa kupekua na si kwa kutazama tu, kwani pini moja huweza kujificha ndani ya mkunjo. Mbao zisiwe zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu na kuoza, maana baadhi ya dawa hizo huwa na shaba, kromu na aseniki. Wala zisiwe za plaiwudi au za unga wa mbao uliogandishwa, ambazo gundi yake ni sehemu ya mbao yenyewe. Mbao za paleti hutafutwa na wengi kwa kuwa hutolewa bure, na alama zake husaidia: herufi HT humaanisha zilitibiwa kwa joto, na herufi MB humaanisha zilifukizwa kwa methili bromidi, nazo hizo za pili ziachwe. Lakini alama haisemi paleti ilibeba nini wala ilimwagikiwa nini, ndiyo sababu mimi hununua kipande cha msonobari kisichopakwa chochote na kukikata kwa msumeno. Kwa matawi mabichi, mianzi na mkaratusi vinakubalika, ilhali mparachichi na oleanda viepukwe moja kwa moja kwa kuwa vina sumu.

Vipo vitu viwili vitatu vya asili ambavyo havijapewa heshima yake. Dodoki kavu, likikatwa vipande, hutafunwa hata na ndege mwenye mdomo dhaifu, na mashimo yake huficha mbegu. Kifuu kilichosafishwa na kutobolewa kwa keekee hudumu miezi, kwa hiyo hufaa kuwa bakuli la kuchakuria. Ukili uliosukwa bila rangi ni wa pekee, kwa sababu ndege hapati tu cha kung'ata bali cha kufumua, jicho baada ya jicho. Sharti moja kwa vyote vitatu ni ukavu. Kilichoingia ukungu hakiokolewi kwa kuanikwa juani, kwani ukungu wa aina ya Aspergillus hushambulia mapafu na vifuko vya hewa vya kasuku, na ugonjwa huo ni mgumu kuutibu.

Kama kichezeo kinahitaji rangi, rangi za chakula zinatosha. Mbao za dukani zenye rangi nzito hujipima zenyewe: zilowekwe maji kwa usiku mmoja, na ikiwa maji yamekuwa wino, rangi hiyo itaishia ndani ya ndege.

Vya watoto, na plastiki kwa jumla

Hoja ya wanaovitetea ni kwamba vichezeo vya watoto wachanga hupimwa. Hoja hiyo ni kweli: viwango kama EN 71 vya Ulaya huchunguza vipande vinavyoweza kubanduka na kiasi cha madini yanayoweza kutoka kwenye rangi, wakati vichezeo vya ndege huuzwa bila kupitia mizani hiyo ya watoto. Upungufu wake ni kwamba vipimo hivyo vilimfikiria mtoto. Pete ya kung'atia inayohimili fizi na meno mawili huwa makombo mdomoni mwa kokatuu, kasuku mkubwa mwenye kishungi, kabla ya jioni, na makombo ya plastiki ngumu yana ncha kali.

Uamuzi wangu unafuata ukubwa wa mdomo. Kwa bajerigari, kokatieli na kasuku wengine wadogo, pete na minyororo ya plastiki ya watoto ni chaguo la salama na la gharama ndogo, hudumu miaka, na huoshwa kwa maji moto na sabuni. Kwa kasuku wa kijivu hutegemea ndege mwenyewe. Kwa kokatuu na ara, kasuku wakubwa wenye midomo yenye nguvu, ningeviacha kabisa, isipokuwa vya kuchezewa mezani huku mtu akitazama. Kayamba za watoto zenye punje ndani na wanasesere waliojazwa pamba havifai kwa ndege wa ukubwa wowote.

Aina moja ya plastiki inastahili kulipiwa, nayo ni kisanduku kinene cha akriliki cha kufichia chakula, chenye droo au kidude cha kuzungusha. Bei yake huonekana kubwa, na ndege mwerevu atakuwa amegundua siri yake ndani ya wiki moja; lakini hujazwa upya kila asubuhi kwa miaka mingi, na ukiigawa bei hiyo kwa asubuhi zote, inakuwa ndogo kuliko ya kichezeo chochote cha mbao cha dukani. Karatasi iliyosokotwa kuwa kifundo chenye mbegu ndani hufanya kazi ile ile bila gharama, ila kwa dakika chache, na kila siku lazima mtu aketi kuisokota. Mwenye muda achague karatasi. Asiyekuwa nao anunue akriliki.

Vioo na vihema vya kitambaa sivilinganishi na chochote, kwa kuwa siviwekei nafasi. Kioo humfanya ndege mpweke ajishikamanishe na taswira yake na kuitapikia chakula, na kihema huamsha tamaa ya kutaga, tena kitambaa chake hutafunwa na kumezwa.

Njia ya nne

Nikivitazama vyote kwa pamoja, kila njia ina pahali ilipo na nguvu: duka kwenye chuma, nyumba kwenye kinachotafunwa. Kwa hiyo njia ninayoipendekeza kwa walio wengi ni ile ya nne. Fedha zitumike mara moja kununua kijiti cha chuma kisichoshika kutu kinachofanana na cha mshikaki, chenye tundu la kuning'iniza juu na nati kubwa ya kufungia chini, pamoja na viungo viwili vya nati na kengele moja yenye mdomo mpana. Vitu hivyo havichakai. Kisha kila wiki kijiti hicho hutungwa upya: kipande cha msonobari kilichotobolewa, mraba wa kadibodi, dodoki, kadibodi tena, ukili, na kadhalika mpaka kijae. Kamba haihitajiki kabisa, na kwa hilo hatari kubwa ya pili, ile ya kunaswa, imeondoka pamoja na gharama yake. Nati ya chini iwe ya mviringo au ya mbonyeo isiyo na ncha, ili ndege anayeruka asichomwe.

Ukubwa wa vipande ubadilike kwa ndege. Bajerigari hukata tamaa mbele ya kipande cha mbao kinene kuliko kidole cha mtu, naye ara hukimaliza hicho hicho kwa mpigo mmoja. Vichezeo vitatu hadi vitano kwa wakati mmoja vinatosha katika tundu la kawaida, na kimojawapo kibadilishwe kila wiki, kisha kirudishwe baada ya mwezi kikiwa kipya tena machoni pa ndege.

Mwenye kasuku wa kijivu ana jambo moja la ziada la kuhesabu kabla ya kuhukumu kwamba kichezeo kimekataliwa. Ndege hawa huogopa vitu vipya, na kichezeo kilichotundikwa ghafla kando ya kijiti anacholalia huweza kumfanya akae kona ya mbali siku nzima bila kula. Kiwekwe kwanza mezani mahali anapokiona, kisogezwe karibu siku hadi siku, mfugaji akishike na kukirarua kidogo mbele yake kama mtu anayekifurahia. Kijiti changu cha kwanza cha chuma kilikaa mezani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ndege alishuka mwenyewe, akakizunguka mara moja, akaanzia kwenye nati.